Uchache Si Udogo

Mliohudhuria mkutano wa Chama cha Kiswahili muhula uliopita mtaukumbuka mjadala uliotutoa jasho: "Pesa za serikali zigawanywe kwa kufuata idadi ya watu peke yake." Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, na tulishindwa. Tena tulishindwa vibaya. Mwenzetu mmoja wa upande wa pili, mzaliwa wa mjini mwenye ulimi mkali kama wembe, alinigeukia mbele ya ukumbi mzima akasema, "Kwani huko kwenu Kasigau kuna nini? Si ni mlima mmoja na ndovu? Watu wachache, shida chache!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, maana ungefanya nini? Lakini usiku ule bwenini usingizi ulinipaa. Maneno yale yaliendelea kunirudia: watu wachache, shida chache.

Sijashika kalamu ili nilipize kisasi. Mwenzangu huyo ni rafiki yangu mpaka leo, na chapati za Jumapili tunagawana. Nimeshika kalamu kwa sababu mle ukumbini nilipewa dakika tatu, na dakika tatu hazitoshi kuuzunguka Mlima Kasigau. Leo mhariri amenipa kurasa. Haya basi, tutembee polepole.

Tuanze na jiografia, maana asiyejua mahali hawezi kuwajua watu wake. Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya kwenda Nairobi, kabla hujafika Voi utapita kituo kidogo kiitwacho Maungu. Hapo ndipo gari la kwetu hukata kushoto, likaiacha barabara kuu na kuingia nyikani. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 30. Njiani hakuna mji. Ni migunga, mibuyu, udongo mwekundu na ranchi za ng'ombe, na ukibahatika au ukikosa bahati, utakuta kinyesi cha ndovu kingali kinafuka moshi katikati ya njia. Halafu mlima unatokea mbele yako ghafla, peke yake, kama nundu ya ng'ombe. Kilele chake kimepita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Miguuni mwake, kwa kuuzunguka, viko vijiji vyetu: Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi. Mimi ninatoka katika kimojawapo. Sitakitaja, maana nikikitaja watasema ninajipigia debe.

Kwa mpango wa serikali, sisi ni wadi ya Kasigau katika eneo bunge la Voi, Kaunti ya Taita Taveta. Kwa mpango wa Mungu, sisi ni watu wa mlima. Nasema hivyo kwa sababu mlima ndio uliotupanga tukae jinsi tunavyokaa. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unapoufikia mlima hupanda, ukapoa, ukawa ukungu na wingu. Huko juu kuna msitu wenye miti iliyovaa kuvu na majani mabichi hata wakati ambapo nyika hapa chini imekauka mpaka inalia chini ya miguu. Msitu hunasa unyevu ule, na maji hushuka kwa vijito na chemchemi. Watu wetu wakayatega kwa mabomba, yakateremka yenyewe bila injini mpaka vijijini.

Sasa rafiki yangu aliuliza, tena kwa kejeli, "Kwa nini msikae pamoja mahali pamoja mkawa wengi?" Jibu ni hilo. Maji hayashuki mahali pamoja. Huku kuna kijito, kule kuna chemchemi, na katikati kuna mawe matupu. Kila kijiji kilikaa pale kinywa cha mlima kilipofunguka. Anayetaka tukusanyike sote upande mmoja na autufanyie kwanza mlima utoe maji yote upande huo. Huko nje mbali na mlima, mvua ni ya kubahatisha. Vuli ikija vizuri tunavuna mahindi na kunde. Vuli ikikosa, tunatazamana.

Baada ya ardhi, tuje kwenye idadi. Darasani tulifundishwa kutafuta msongamano wa watu: chukua idadi ya watu, gawanya kwa eneo. Hesabu rahisi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Kaunti yetu ya Taita Taveta ilipata watu 340,671 katika eneo la kilomita mraba 17,084 hivi. Ukigawanya unapata watu 20 kwa kila kilomita mraba, ilhali nchi nzima ni kama 82, na Nairobi imepita 6,000. Mtu akiziona tarakimu hizo atasema, ala! Hawa Wataita wana ardhi ya kutupa!

Lakini ngoja kwanza. Zaidi ya nusu ya kaunti hiyo ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Humo hatuishi, hatulimi, hatulishi. Ongeza ranchi, na mashamba ya mkonge. Kinachobaki kwa mtu wa kawaida ni vipande vilivyobanwa milimani na kandokando ya milima. Kwa hivyo ile 20 ni wastani wa watu wasiokuwepo mahali popote. Ni sawa na kusema kwamba mtu aliyetia mguu mmoja motoni na mwingine kwenye barafu yuko katika joto la kawaida. Hesabu ni sahihi, lakini mwenye miguu analia.

Na wale ndovu ambao rafiki yangu aliwachekea, wacha niwaeleze wanachofanya. Ndovu hahesabiwi katika sensa, lakini hula. Hana kitambulisho, lakini anaingia shambani usiku bila hodi. Shamba la familia nzima laweza kwisha baina ya saa nane na saa kumi za usiku. Watu wetu hulala mashambani wakipiga madebe na kuwasha moto wakati mahindi yanapokomaa. Mtoto anayelinda shamba usiku na kwenda shule asubuhi, mwalimu atamwita mvivu akisinzia. Je, shida hii ni chache kwa sababu sisi ni wachache? Kinyume chake! Kwa sababu ni wachache, zamu za kulinda ni nyingi kwa kila mtu.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Watu wakipungua, shida hazipungui kwa kipimo kilekile. Mathalani shule ya msingi niliyosomea mimi. Katika darasa letu tulikuwa wanafunzi kumi na wanne. Walimu hugawiwa shule kwa kutazama idadi ya wanafunzi, basi wetu walikuwa wachache. Lakini jamani, masomo hayapunguzwi! Hesabu ni ileile, Sayansi ni ileile, na mtihani wa kitaifa ni uleule ambao mtoto wa shule yenye wanafunzi elfu moja anaufanya. Mwalimu mmoja alitufundisha masomo matatu na darasa la jirani akalitazama kwa mlangoni. Hakuna aliyeniambia siku ya mtihani, "Wewe unatoka kijiji kidogo, chukua maswali machache."

Mfano wa pili ni mgumu kidogo kuuandika, lakini nitauandika. Nilipokuwa likizoni mwaka mmoja, mama mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa saa tano usiku. Mumewe alikuwa kazini Mombasa. Tulimpata kijana wa bodaboda, akakubali, akawasha pikipiki. Hawajafika mbali, ndovu walikuwa njiani, mama ndovu na ndama wake. Ukikutana na ndovu mwenye ndama, hupigi honi, hupiti, huzungumzi. Walizima taa wakangoja gizani. Walingoja mpaka wakachoka, wakarudi nyumbani. Nyanya yangu na wanawake wengine walikesha na yule mama mpaka alfajiri ndipo njia ikapitika. Yeye alipona, namshukuru Mungu. Mtoto hakupona. Tulimzika siku ya pili, nasi watoto tukaambiwa tusiulize maswali.

Katika vitabu vya kaunti, kijiji chetu usiku ule kilikuwa na mgonjwa mmoja tu. Watu wachache, shida chache. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia kitanda hicho.

Nirudi kwenye sensa, maana kuna kisa kingine. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 nilikuwa nyumbani kwa likizo, mtoto mdogo bado. Siku zilizofuata karani akaja na kishikwambi chake, kwani sensa ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwetu kufanywa bila makaratasi. Kijana mwenye adabu sana. Akamwamkia nyanya, "Shikamoo bibi," kisha akauliza, "Mko wangapi hapa nyumbani?"

Nyanya yangu ni mtu wa zamani. Kwake, kuhesabu watu si jambo la kuchezea. Akamwambia, "Mwanangu, watu si mbuzi. Mimi nitakutajia majina, wewe hesabu mwenyewe." Akaanza kutaja. Akamtaja baba yangu aliyekuwa kazini Mombasa. Akamtaja shangazi aliyeolewa Mwatate. Akamtaja kaka yangu aliyekuwa akitafuta kibarua Voi, na amu aliyekwenda Nairobi zamani na haandiki barua wala hapigi simu. Karani akamkatiza kwa upole, "Bibi, ni wale waliolala hapa usiku wa Jumamosi peke yao."

Nyanya akanyamaza. Akatutazama. Tulikuwa watatu: yeye, mimi na dada yangu mdogo. "Basi andika watatu," akasema, "lakini ujue umeandika nyumba, hujaandika watu wake."

Sikuyaelewa maneno hayo wakati ule. Sasa nimeyaelewa. Sensa ina kanuni yake, na kanuni ni nzuri, maana bila hivyo mtu mmoja angehesabiwa mara tatu. Simlaumu karani. Lakini kijiji kama chetu ni kama kisima: watu huchota na kwenda. Baba analipa kodi ya nyumba Mombasa, anahesabiwa Mombasa, anasaidia Mombasa kuonekana kubwa. Lakini karo yangu, dawa za nyanya na mabati ya paa yanatoka mfukoni mwake kuja Kasigau. Mimi mwenyewe, sensa ingefanywa leo usiku, ningehesabiwa hapa bwenini pamoja nanyi. Kijiji kingepungua mtu mwingine mmoja. Je, ningekuwa nimeacha kuwa mtu wa kwetu? La hasha! Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kisha kuna jambo ambalo wengi wenu hamlijui, na hata mimi sikulijua mpaka nilipomuuliza nyanya kwa nini sisi ni wachache. Uchache wetu una historia. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walikuwa upande wa pili wa mpaka, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na Waingereza walikuwa upande huu. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na wakawa wanatuma vikosi kuvuka nyika kuilipua reli ya Mombasa. Kasigau ikawa katikati. Mwaka 1915 kambi ya Waingereza hapo mlimani ilishambuliwa na Wajerumani. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliomwonyesha adui njia. Basi Agosti mwaka huohuo watu wa Kasigau walikusanywa wakaondolewa, nyumba zao zikachomwa, wakapelekwa mbali kabisa mpaka Malindi.

Fikirini, wenzangu. Watu wa mlima wenye ukungu na maji baridi wanatupwa pwani yenye joto na malaria, bila mashamba, bila mifugo. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia hawakurudishwa mara moja; ilipita miaka mingi kabla ya kuuona mlima wao tena. Babake nyanya alikwenda akiwa mtoto mdogo amebebwa. Yeye alirudi. Ndugu zake wawili hawakurudi. Nyanya bado hutaja majina yao anapoombea chakula, ingawa yeye mwenyewe hakuwaona kamwe.

Kwa hivyo mtu anaposema, "Mko wachache, basi mpewe kidogo," sisi tunasikia jambo jingine. Tunasikia tukiambiwa kwamba kwa kuwa tulipunguzwa, basi tuendelee kupunguziwa. Ukimkata mtu kidole, usije kesho ukamnunulia glavu ya vidole vinne ukadai umemtendea haki.

Hata hivyo, mimi si mtu wa kuvutia kamba upande wangu tu. Rafiki yangu alikuwa na hoja, na lazima niikubali. Penye wengi pana mengi. Nimeona kwa macho yangu darasa la mjini lenye watoto waliobanana kama dagaa, na zahanati ambayo foleni yake inaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Watoto hao ni watu, na mtu ni mtu. Isitoshe, tukisema pesa zigawanywe kwa ukubwa wa ardhi peke yake, hilo nalo ni kosa. Ardhi haiugui. Jiwe haliendi shule. Mbunge mmoja wa nyikani hawezi kudai dawa kwa ajili ya vichaka. Kwa hivyo sisemi watu wasihesabiwe. Nasema wasihesabiwe vichwa tu, wahesabiwe na miguu. Tuhesabu kila mtu anatembea umbali gani kufikia maji, daktari, mwalimu na kura yake.

Tena hili si wazo langu la kuota usiku. Liko katika sheria yetu. Kifungu cha 89 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema maeneo bunge 290 na wadi zigawanywe kwa kukaribiana na wastani wa idadi ya watu. Lakini hakikuishia hapo. Kinaruhusu idadi izidi au ipungue kwa asilimia 40 katika miji mikubwa na katika maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Na kinataka maumbile ya nchi, historia na njia za mawasiliano zitazamwe pia. Mnaona? Walioandika Katiba walijua kuna milima. Walijua nchi si karatasi bapa.

Katika pesa mambo yamekuwa magumu zaidi. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti pesa iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, umaskini asilimia 20, na ukubwa wa ardhi asilimia 8 tu. Mwaka 2020 fomula ya tatu ilipofika Seneti, maseneta walivutana wiki baada ya wiki, kikao baada ya kikao kikivunjika, mpaka mwezi wa Septemba ndipo wakapatana. Wengine walipiga kelele, "Mtu mmoja, kura moja, shilingi moja!" Kwa masikio ni wimbo mtamu. Lakini nenda nayo shilingi hiyo mpaka nyikani. Ile shilingi inayonunua chanjo mjini hununua chanjo. Ya kwetu hununua kwanza mafuta ya gari la kuileta chanjo. Inapofika kwa mtoto imebaki senti. Basi hapo mtu mmoja na shilingi moja imekuwa mtu mmoja na nusu shilingi.

Kuna kichekesho kingine. Dunia yenyewe imeshaona thamani ya ardhi yetu isiyo na watu wengi. Mradi wa kaboni wa Kasigau Corridor ulipothibitishwa mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake. Kwa ufupi, kampuni za mbali hulipa ili msitu wa nyika baina ya mbuga mbili za Tsavo usikatwe makaa, kwa sababu miti ikisimama hushika hewa chafu. Yaani mtu wa Ulaya anaihesabu miti yetu mmoja mmoja! Sasa ikiwa ng'ambo wanajua kuhesabu miti, sisi hapa nyumbani tumeshindwaje kuhesabu kilomita za mama mjamzito?

Basi nifanyeje mimi mwanafunzi? Sina kiti Seneti. Sina hata kura kwa sasa. Lakini ninayo mapendekezo matatu, na naomba Chama chetu kiyafikirie.

Kwanza, wenye kugawa basari, walimu na wauguzi waweke umbali katika mizani. Shule ndogo isipewe walimu kwa kichwa cha mwanafunzi tu bali pia kwa masomo inayotakiwa kufundisha. Kijiji kisicho na njia salama usiku kiwe na mkunga na chumba chake karibu, hata kama waja wazito mwaka mzima watakuwa wachache. Mmoja niliyemweleza hapo juu alitosha.

Pili, sisi wenyewe tuache kuvidharau vijiji vyetu. Nimewasikia wenzangu hapa shuleni wakiulizwa wanatoka wapi, wanajibu "Voi" au "Mombasa" kwa sababu wanaona haya kutaja kijiji. Nami nimewahi kufanya hivyo, nakiri. Mkataa kwao ni mtumwa. Ukiona haya kutaja jina la kwenu, usishangae wakubwa wakilisahau kwenye bajeti.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuandike. Likizo ijayo, kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili achukue daftari moja. Azunguke kijiji chake na mzee wa kijiji au naibu wa chifu. Aandike: nyumba ngapi, za nani, maji yanatoka wapi na hukauka mwezi gani, njia zinapita wapi na nani huzipita, watoto wanatembea saa ngapi kufika shule, walioondoka wamekwenda wapi na kwa nini. Awaulize wazee historia kabla hawajaondoka nayo. Aandike kwa Kiswahili safi, kisha tuweke madaftari hayo hapa maktabani. Sensa hufanywa kila baada ya miaka kumi, na ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Karani atakuja na kishikwambi chake aulize, "Mko wangapi?" Ni vizuri akikuta kijiji chenye majibu zaidi ya tarakimu.

Daftari langu mimi nimeshalianza. Ukurasa wa kwanza nimeandika majina aliyoyataja nyanya siku ile, yote, waliolala nyumbani na ambao hawakulala. Chini yao nimewaandika wale wawili wa Malindi. Na mwisho nimeacha mstari mmoja kwa yule mtoto wa jirani ambaye hakuishi hata siku moja, kwa maana hakuna sensa itakayomhesabu. Jumla yao nimeiandika kwa penseli, kwa sababu nyanya anasema bado kuna wengine hajawakumbuka.

Kwa rafiki yangu wa mjadala: ulishinda siku ile kwa haki, maana ulisema vizuri na mimi nilibabaika. Nakualika kwetu likizo ya Agosti. Tutashuka Maungu, tutapanda gari la saa nane, na kama ndovu wataturuhusu, tutafika kabla ya giza. Nyanya atakupa maji ya mlima. Utamhesabu mtu mmoja mmoja, kisha urudi ukumbini hapa utuambie kama ni wachache kiasi cha kutohesabika.

Kwa hayo machache, naiweka kalamu chini.